Aliyemwitikia Mama Urbani

Florian aliitika wakati hakuna mtu aliyemwita.

"Naam, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayeweka kazi chini ili aende. Devotha, aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza kanda, alivua vifaa masikioni akachungulia mlangoni. Ilikuwa mchana. Jua la Mbinga lilikuwa limewaka juu ya mabati, na nje mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Florian alikuwa amesimama katikati ya chumba na kalamu mkononi, akiangalia ukuta wa upande wa magharibi.

"Unaongea na nani?"

"Si umeniita?"

"Mimi? Tangu lini nikawa mama yako?"

Florian alicheka, akakaa. Devotha naye akacheka. Lakini aliporudi kwenye kiti chake alisikia harufu ya usipa mbichi, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaomwagwa ufukweni asubuhi kabla hawajaona jua, na katika nyumba ile hakuna aliyepika samaki tangu waihamie.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ushirika wa kahawa. Wanunuzi binafsi walipoingia wilayani na malori yao, ushirika ulianguka, makarani wakapunguzwa, na nyumba ikapangishwa kwa mradi wa utafiti wa chuo kikuu. Ulikuwa mradi mkubwa, wa fedha za wafadhili, na kila taaluma ilikuwa na mtu wake ndani. Wahandisi walipima vijito. Watu wa elimu waliuliza kwa nini watoto wanaacha shule tangu wazazi waambiwe wachangie. Watu wa afya walizungushia utepe mikono ya watoto wadogo kupima utapiamlo. Devotha, mtu wa fasihi pekee kati yao, alikusanya nyimbo na maneno ya misiba, na wenzake walimtania kwamba yeye anapima machozi.

Florian alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na mmoja wa wale makarani waliopunguzwa. Mama yao aliyeko Maguu ndiye aliyemwomba Devotha. "Mchukue mdogo wako, mwanangu. Anashinda hapa akitazama mibuni kama mtu aliyefiwa. Nitakuuliza habari zake wewe." Devotha alimchukua, akampa kazi ya kubeba kinasa sauti na kunakili yaliyosemwa, na moyoni alijiona amefanya jambo jema. Huenda kweli lilikuwa jema. Mambo mengi yanayotuharibia huanza hivyo.

Mwezi uliotangulia walikuwa wameshuka ziwani, kwenye kijiji kimoja kaskazini ya Mbamba Bay, wakaelekezwa kwa mama mmoja ambaye mwanawe alizama na mtumbwi na mwili haukuonekana.

"Shikamoo, mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Hapa siku hizi wananiita Mama Violet, kwa jina la binti yangu aliyeolewa. Wanaogopa kutaja lile jingine. Lakini mimi ni Mama Urbani."

Aliwaeleza bila kuona haya. Mtu akizama na ziwa likakataa kumtoa, mama yake huingia kwenye maji ya magoti akamwita kwa jina. Watu wote ufukweni hunyamaza. Hata mtoto mchanga hupewa titi la mama yake asije akalia. Mama huita mpaka sauti imkauke. Asipoitikiwa, basi imejulikana kwamba mwanawe amekufa. Hugeuka, hurudi nyumbani, watu hunyoa nywele na msiba huisha.

"Na wewe ulimwita?"

"Nilimwita. Hakuitika."

Devotha aliliangalia lile ziwa, kisha akaiangalia kanda iliyobakiwa na nafasi. "Mama, unaweza kutuonyesha? Kidogo tu, tupate sauti yake."

Wanawake waliokuwa wakianika usipa karibu nao waliinuka, wakaacha kazi, wakaondoka. Devotha alidhani wanawapisha ili kanda isiingie makelele, na akawashukuru.

Baadaye Devotha alijiuliza mara nyingi kwa nini Mama Urbani alikubali, na kila mara alifika palepale: kwamba pengine hakuna mtu mwingine aliyempa tena nafasi ya kulitamka lile jina kwa sauti kubwa. Mama aliinua kanga yake, akaingia majini.

"Urbani! Urbani wee! Mwanangu, njoo basi, umenichosha kusubiri!"

Mawimbi yalikuja, yakarudi. Akaita tena, na tena. Florian alikuwa amepiga magoti mchangani, kinasa sauti mapajani. Kwao Maguu, milimani, mtoto aliyelelewa hamwachi mama mzee aite bila kuitikiwa. Kama anayeitwa hayupo, aliye karibu huitika kwa niaba yake, huo ndio uungwana. Na sauti ile ilikuwa inaumiza. Kabla hajafikiri, alijibu.

"Naam, mama! Nakuja!"

Mama Urbani aligeuka. Hakukasirika, hakushtuka. Alimtazama Florian kwa uso ambao Devotha hakuupatia neno.

Dokta Placidi, mhandisi aliyeongoza mradi, aliisikiliza kanda ile akasema, "Devotha, hii peke yake ni shahada ya uzamivu." Kisha akacheka. "Na huyu mdogo wako msanii!"

Sasa harufu ya usipa ilikuwa imeganda ndani ya nyumba ile ya Mbinga, haiondoki. Asubuhi palikuwa na maji sakafuni chini ya kitanda cha Florian, na mabati hayakuvuja. Ugali wa mahindi ulimshinda. Aliuliza kama hakuna wa muhogo, ule wa watu wa ziwani. Siku moja Devotha alimwita kutoka uani, "Florian! Florian we!" naye alikuwa hatua chache tu mbele yake, mgongo umegeuka, na hakutikisa hata bega, kama mtu anayesikia jina la jirani.

"Florian," alinong'ona, akamshika mkono. Ulikuwa baridi, na ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua. "Unaumwa?"

Alimjibu kwa maneno marefu, laini, ya Kinyasa, lugha ya watu wa ziwani. Walikuwa Wamatengo wa milimani, wote wawili. Hakuna aliyewahi kuwafundisha Kinyasa.

Alasiri ile ukungu ulishuka mjini, na Devotha aliirudisha ile kanda kwenye mashine, mlango wazi na taa imewashwa ingawa haikuwa jioni, akasikia mama akiita, akasikia mawimbi, kisha akasikia mahali pa jibu, na jibu lilikuwepo, maneno yaleyale, naam, mama, nakuja, ila sauti haikuwa ya mdogo wake tena bali ya kitu kilichojaza maji kinywani na kinachosema kwa shida kupitia maji hayo, na haikutoka kando ya kinasa sauti alipokuwa Florian bali mbali, upande wa ziwani, na kila alipoirudisha ili ajiambie amekosea ilikuwa imesogea karibu zaidi, mpaka mara ya mwisho alivua vifaa masikioni na bado akaisikia, nyuma yake, mlangoni.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji kwenye kizingiti, na chumba cha Florian kilikuwa kitupu.

Mwanamke auzaye maandazi stendi alimwambia kijana yule amedandia lori tupu lililokuwa likishuka Mbamba Bay kuchukua usipa. "Alikuwa na furaha, dada. Alisema mama yake anamwita."

Devotha alimkuta kesho yake mchana, amekaa nje ya nyumba ya Mama Urbani, anatengeneza wavu. Vidole vyake vilipita kwenye nyuzi bila kukosea. Aliinua uso, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, dada. Umetoka wapi?"

"Florian, ni mimi."

"Mama!" aliita ndani. "Kuna mgeni."

Ni majirani waliompeleka Devotha kwa Raimundi, mganga wa kijiji kile, mtu wa makamo aliyewahi kuwa mhudumu wa zahanati mpaka naye akapunguzwa. Raimundi alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Wafu hawarudi," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ziwa lina masikio. "Ila mle ziwani kuna jini. Halina jina lake lenyewe, linakaa linasikiliza majina ya watu. Ndiyo maana aliyezama akiitwa, mtu hai haitikii. Mdogo wako ameingia kwenye jina la Urbani kama mtu anayevaa koti, na lile jini limeingia nyuma yake. Siku si nyingi litamvuta majini, maana huko ndiko kwake."

"Unaweza kulitoa?"

"Sitakudanganya. Mimi nitafukiza na kuomba. Lakini aliyeliita ndiye wa kulikataa. Mama amwambie kwa kinywa chake: wewe si wangu. Bila hivyo nitakuwa nachoma majani tu."

Mama Urbani aliwapokea vizuri. Aliwawekea mkeka. Florian alikuwa ameshuka ufukweni, na alipopita uani kuku walikimbia.

"Siku zote nimeambiwa mwanangu amekufa, nikubali," mama alimwambia Devotha, bila kupandisha sauti. "Nilikubali. Nilinyoa nywele. Kisha ukaja wewe na mashine yako ukaniambia nimwite. Sasa ameitika, unataka nimwambie si wangu?"

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza. Uliuliza yale ya kuandika."

"Nami nina mama," Devotha alisema. Alikuwa amepiga magoti. "Yuko Maguu. Ataniuliza mimi."

"Kila mtu ana mama." Mama Urbani alitazama chini. Kisha akanong'ona, "Unafikiri sijui? Akilala hapumui. Nimemgusa mgongo, baridi kama mtungi. Urbani wangu alikuwa na kovu hapa kidevuni. Najua si yeye. Lakini nikiita, anaitika."

Raimundi alikohoa. Devotha alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu msiba, na vyote vilikuwa vimeandikwa na watu wanaoutazama kutoka nje, kama alivyokuwa yeye.

"Huyu wako ni mtoto mwenye adabu," mama alisema hatimaye. "Aliniitikia kwa huruma. Nikimwacha afe kwa ajili ya huruma yake, nitakuwa mtu gani?" Akainuka, akajifunga kanga.

Jua lilikuwa likielekea kuzama upande wa pili wa ziwa Raimundi alipowasha majani mchangani, na moshi, badala ya kupanda, ulilala ukatambaa kuelekea majini, na Florian alipouona alianza kurudi nyuma, kwanza taratibu na kwa kucheka kidogo kama mtu anayetaniwa, kisha kwa haraka, maji yakamfika vifundoni, yakamfika magotini, na Devotha aliyeingia kumkamata alihisi kwamba anavuta kitu kizito kuliko mtu, kitu chenye mizizi, na kinywani mwa mdogo wake maji yalianza kutoka, mengi, yakinuka tope na usipa, na katikati ya maji yale sauti ya kitoto ikilia mama, mama, mama wanitesa, na Mama Urbani akaja mpaka pale, akasimama uso kwa uso nacho, akainua mkono, na kwa kitambo ilionekana kama anataka kumpangusa.

"Wewe si wangu," alisema. "Mwanangu alikufa. Nenda."

"Mama."

"Nenda! Hapa huna mama!"

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho. Uzito uliachia ghafla, Devotha akaanguka chali na mdogo wake juu yake, na ziwa likatulia kabisa, bila hata wimbi.

Walimburuta mpaka mchanga mkavu. Florian alitapika, akatetemeka, akafungua macho.

"Dada Devotha," alisema. "Mbona nimelowa?"

Devotha alilia, akacheka, akamfunika kwa kitenge chake. Raimundi alikaa kitako, akafuta jasho. "Asante Mungu," alisema. "Kusema kweli sikutegemea."

Mama Urbani hakungoja kushukuriwa. Alikuwa ameshaanza kupanda kuelekea kwake, pole pole, kanga ikichuruzika maji. Devotha aliinua uso amwite, na ndipo alipoona mchanga. Nyayo za mama zilikuwa pale, zilizotota, ndogo, zikipanda. Na kando yake zilikuwa zikichapika nyingine, moja baada ya moja, pana, mpya, zinajaa maji papo hapo, wala hapakuwa na mtu juu yake.

Raimundi naye aliziona. Alimshika Devotha mkono kwa nguvu.

"Usiseme kitu."

"Lakini amelikataa. Sote tumesikia."

"Kwa kinywa amelikataa. Wewe mtu wako unaye, dada. Mchukue muondoke."

Mama Urbani alifika mlangoni pake. Hakuangalia nyuma. Alisimama kando ya kizingiti, kama mzazi anavyompisha mtoto aliyechelewa atangulie, akangoja, kisha akaingia, na mlango akauacha wazi.

Huku chini Florian alikuwa ameegemea kifua cha dada yake, akipumua kama mtoto. Mle ndani, kwa sauti ya mtu asiyetaka majirani wasikie, mama aliita jina la mwanawe. Devotha aliziba masikio ya mdogo wake kwa mikono yote miwili, akambana kifuani, akambana zaidi, mpaka kule ndani kitu kikaitika.