Limau Juu ya Jiwe la Baba

Kila Jumamosi asubuhi fundi cherehani alifunga kibanda chake cha kushonea, akachukua ndoo, akamshika mama yake mkono, wakaenda makaburini. Kwa hatua za mama, mwendo ulikuwa wa nusu saa. Ndani ya ndoo mlikuwa na chupa ya maji, waya wa kusugulia sufuria na malimau manne.

Baba alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Jiwe lake lilikuwa jeupe kuliko yote ya mstari ule, maana binti yake, huyo fundi cherehani, hakuwa na mchezo na usafi. Alilipaka limau, akalisugua kwa waya mpaka mabega yakamuuma, kisha akalimwagia maji. Sufuria zake nyumbani alizisafisha hivyo hivyo, nazo ziling'aa kiasi cha mtu kujitazama. Mama alikaa pembeni akingoja. Kazi ikiisha, ilikuwa zamu yake.

Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga kidogo kidogo, na kwa miaka miwili sasa alilisoma jina la mumewe kwa vidole. Alianza na herufi ya kwanza, akaufuata mfereji wake taratibu, akaenda ya pili, mpaka ya mwisho. Akishamaliza, alirudi nyumbani ametulia, akala vizuri na kulala vizuri.

Jumamosi moja vidole vya mama vilipita juu ya jiwe, vikarudi, vikapita tena.

"Vipi, mama?" aliuliza binti.

"Leo sijamkuta. Jiwe limekuwa tambarare."

Binti aliinama kutazama. Herufi zilikuwa zimefifia kweli. Yeye aliziona kwa sababu alizijua zilipo, lakini mfereji wa kuingiza kidole haukuwapo tena. Jioni mama alisukuma sahani pembeni, na kesho yake vilevile. Binti aliumia zaidi kuliko kama mama angelia.

Wa kumlaumu alimjua. Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mchonga mawe. Mchonga mawe aliitwa Polepole. Watu walisema kwake jiwe la kaburi unatakiwa uliagize ukiwa bado mzima, ndipo utalipata kwa wakati.

"Fundi, ulitulipulia kazi," binti alisema kabla hajafika mlangoni.

"Habari za asubuhi, dada," alijibu Polepole.

"Si nzuri. Miaka sita tu, herufi za baba zimekwisha. Mama anasoma kwa mkono, na sasa hana cha kusoma. Hata chakula hali."

Polepole aliweka patasi na nyundo chini. Alifuta vumbi kwenye kigoda, akamkaribisha akae. Binti akakataa, akabaki amesimama.

"Herufi zile nilizichonga mwenyewe," alisema Polepole. "Zilikuwa na kina cha unene wa sarafu. Mvua haiwezi kuzimaliza kwa miaka sita. Hebu niambie, mnalisafishaje?"

"Hapo usinitafutie sababu. Linasafishwa kila wiki. Limau na waya wa sufuria."

Polepole akachukua limau alilokuwa ameliweka kwa ajili ya chai, akalikata. Akaweka mezani vipande viwili vya mawe, kimoja cheupe, kingine chenye madoadoa.

"Hiki cheupe ni ndugu wa jiwe la baba yako," alisema. Alikikwaruza kwa msumari. Msumari ukaacha alama, na unga mweupe ukatoka. Akakamulia limau juu ya ule unga. "Sogeza sikio."

Binti alisogea. Alisikia mchemko mdogo. Mapovu yalikuwa yakitoka juu ya jiwe.

"Linachemka," alisema.

"Linayeyuka. Kila povu ni sehemu ya jiwe inayokwenda zake."

Akakwaruza kipande cha pili. Msumari uliacha mstari wa kijivu, lakini Polepole aliufuta kwa kidole, ukatoka. Ulikuwa ni msumari uliolika, si jiwe. Akakamulia limau. Hapakuwa na povu wala sauti.

"Kwa nini hili halichemki?" aliuliza binti. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa sababu ya madini yake. Watu wakisikia madini wanawaza dhahabu tu, lakini kila jiwe limeundwa kwa madini. Hili jeupe ni jiwe la chokaa. Madini yake ni laini na hayawezi ukali wa limau, siki wala dawa ya kusafishia choo. Hili la madoadoa ni matale, wengine wanaliita graniti. Tazama punje zake. Hizi za kama kioo zinaushinda hata msumari. Hizi zinazometa ni ulanga."

Binti alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa tena.

"Kile kilima cha mapango unakijua?" Polepole aliendelea.

"Nakijua. Utotoni tulikuwa tunajificha humo."

"Kile ni jiwe hili jeupe. Maji ya mvua nayo yana ukali, ila ni kidogo sana. Yanaupata hewani na kwenye udongo. Yanaingia kwenye nyufa na kuyeyusha mwamba taratibu, maelfu ya miaka, mpaka panakuwa pango. Na ule mlima wa kipara, upande wa pili wa mji?"

"Ni matale?"

"Ni matale. Nao unalika, usidhani. Mchana unapata joto, usiku unapoa, maji yanapenya, maganda yanabanduka. Ndiyo maana una kichwa cha mviringo. Lakini wenyewe unakwenda kwa mwendo wangu."

Binti hakucheka. Alikuwa akihesabu Jumamosi kichwani.

"Kwa hiyo nimemfuta baba kwa mkono wangu mwenyewe," alisema.

"Limau lililainisha, waya ukachukua. Uso wa jiwe ulishuka mpaka karibu ukalingana na kina cha herufi," alisema Polepole. "Lakini na mimi nina kosa. Niliwakabidhi jiwe, sikuwaambia namna ya kulitunza. Maji matupu na brashi laini vinatosha."

Walikubaliana. Jiwe jeupe lingebaki, kwa kuwa mama amelizoea. Polepole angechonga kibao cha matale, chenye herufi za kina, akipachike juu yake.

"Ni jiwe gumu, itachukua muda," alionya.

"Hilo nilishalijua kabla sijaja," alisema binti, na safari hii alicheka kidogo.

Jioni ile alijikaza, akamweleza mama kila kitu. "Fundi hana kosa, mama. Ni mimi."

Mama alifikiri kidogo. "Ulifanya kwa kumpenda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sasa mpende kwa maji."

Kibao kilichukua wiki saba. Katika wiki hizo binti aliwaonya wateja wake waliokuwa na ngazi na meza za marumaru nyeupe. Marumaru nayo ni ya madini yale yale ya chokaa, na limau huitia makovu. Wengine walikwenda kujaribu pembeni ambapo mtu haoni, wakarudi wameamini.

Jumamosi ya wiki ya nane walikwenda makaburini wakiwa na maji na brashi. Binti alikisafisha kibao taratibu, akampisha mama. Vidole vya mama viligusa herufi ya kwanza, vikazama. Vikaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Mama alivuta pumzi ndefu.

"Lete mkono wako," alisema. "Fumba macho."

Binti akafumba. Mama akakishika kidole chake, akakitia kwenye mfereji wa herufi ya kwanza. Miaka sita binti alikuwa amelisugua jina lile kila wiki, na hakuwahi hata siku moja kulisoma kwa kidole. Alilisoma lote, polepole, mpaka mwisho, machozi yakimtoka.