Hedifoni za Bwana Besi

Sogea hapa, na kabla sijafungua mdomo, niapie. Sema: hili halitoki humu ndani. Haya. Mimi pia niliapa, kama walivyoapa wote walioyaona. Nilimshika mkono mke wa fundi saa, nikamwambia siri yake naenda nayo kaburini. Nikajitahidi, jamani, tangu asubuhi mpaka mchana, tumbo likanivimba kama mtu aliyemeza mto. Sasa bora niitoe kwako kuliko inipasue.

Huyo fundi saa alikuwa mwembamba, mkimya, na kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vioo na kinyozi. Ukimletea saa haifungui kwanza. Anaiweka sikioni, anafumba macho, halafu anakuambia, "Hii inachechemea." Nyumbani alikuwa na kabinti walikokapata baada ya kungoja miaka, sisi majirani tukiwa tumeshasema yetu yote. Kabinti kanatambaa, kanacheka, lakini neno bado. Fundi akajigamba kwamba neno la kwanza litakuwa "baba." Mkewe akamwambia, "Endelea kuota." Wakakubaliana atakayeshindwa ataosha vyombo mwaka mzima. Kila jioni alikuwa analaza kichwa karibu na mdomo wa yule mtoto, anangoja.

Kila Jumamosi mchana wapenda muziki, fundi akiwemo, walikuwa wanakutana kwa kinyozi. Kila mmoja na hedifoni zake, madude ya gharama ambayo mtu anayavaa kichwani huku paa la nyumba yake linavuja. Na ubishi wao, mama yangu! Huyu anasema besi imekaa mbali, yule anasema sauti nyembamba inamkwaruza ubongo, mwingine anaapa anasikia mpiga gitaa akimeza mate. Ubishi ukizidi, kinyozi anamfunika mtu kichwa kwa ile shuka ya kunyolea, anamvisha hedifoni bila yeye kuziona, anamwekea wimbo, na mtu anataja amevalishwa za nani. Akikosea anazomewa mpaka barabarani.

Asiyekosea hata siku moja alikuwa Bwana Besi. Pande la mtu, kofia ya sufu imeshushwa hadi shingoni jua liwake lisiwake, na hedifoni nyeusi, nzito, juu ya hiyo kofia. Alikuwa anakaa kwa kinyozi kutwa nzima, lakini kinyozi hakuwahi kumnyoa. Hilo lilinikera muda mrefu, nikwambie ukweli.

Jumamosi moja fundi alizijaribu zile nyeusi, akakunja uso.

"Zako zinavuma kama debe, kaka. Mwimbaji kama yuko ndani ya pipa."

"Na zako zinalia kama mbu mwenye njaa," akajibu Bwana Besi. "Tatizo hizi hazijakuzoea."

"Zinizoee? Kwani ni viatu?"

"Hedifoni nzuri humzoea mtu. Zikishashiba masikio, zinafunguka. Muulize Mwalimu."

Mwalimu alikuwa mstaafu, anakaa benchi la mlangoni. Yeye alizichukua mwezi uliopita, na ni kweli, ziliporudi kutoka kwake wote walikiri zimekuwa safi kupita kawaida. Walipomgeukia wamuulize, aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Eti?" akasema. "Eti?" Watu wakacheka. Uzee huo, wakasema.

"Nenda nazo wiki nzima," Bwana Besi akamwambia fundi. "Ukirudi ukasema bado ni debe, nautafuna waya mbele ya watu."

Akazivua, akamkabidhi. Bwana Besi alipotoka, kinyozi alimwita kwa sauti kwamba amesahau fimbo yake. Hakugeuka. Akamwita tena. Hakugeuka. Na wiki hiyo mlango wake ulikaa umefungwa, na waliobisha hawakufunguliwa.

Fundi alichomeka zile hedifoni kwenye mashine yake ya muziki akakaa kitini, tayari kudharau. Akashindwa. Kila chombo kilikuwa mahali pake, kama wapigaji wamekaa mezani kwake. Wimbo ukaisha. Kabla wa pili haujaanza, akasikia sahani ikiwekwa juu ya meza.

Akadhani imo kwenye wimbo.

"Chai inapoa," ikasema sauti ya mwanamke mzee.

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa nje anaanika nguo. Akazima mashine. Kijiko kikagonga kikombe. Akachomoa waya, akaushika mkononi, mwisho wake unaning'inia.

"Mwalimu," ile sauti ikasema, karibu kabisa. "Nakuambia chai inapoa. Mbona hunisikii siku hizi?"

Angezitupa pale pale mimi nisingekuwa na la kukusimulia. Hakuzitupa. Mpenda sauti ni mlevi kama walevi wengine, na maishani mwake hakuwahi kusikia kijiko kikigonga kikombe kwa uwazi ule. Akakaa nazo. Kesho yake akakaa nazo tena, waya umelala sakafuni, anasikiliza nyumba ya watu.

Kisha mteja akaleta saa. Fundi akaiweka sikioni. Kimya. Akaifungua: magurudumu yanazunguka. Akachukua nyingine. Kimya. Akainua macho ukutani, saa zote za ukutani zimepangwa pale, na vyuma vyake vyote vinabembea, kulia, kushoto, kulia.

Kimya.

Alikimbia nyumbani. Mkewe alimwona mlangoni, anasema kwa sauti ya juu mno kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Sema kitu! Mke wangu, sema kitu!" Naye alikuwa anasema. Alikuwa anasema muda wote.

Bwana Besi hakungoja wiki iishe. Alikuja mwenyewe, hakubisha hodi, akaziokota mezani akazivaa juu ya kofia. Mke wa fundi, aliyekuwa jikoni, akaangusha mwiko, na yule bwana akageuka haraka, akatabasamu.

"Zimefunguka," akasema.

Sasa mwanamke yule si wa kuchezewa. Alikwenda kwa mke wa Mwalimu akamweleza habari ya chai na kijiko aliyosimuliwa na mumewe. Bibi wa watu akatafuta kiti akakaa. "Maneno hayo nilimwambia mume wangu," akanong'ona. "Humo ndani tulikuwa wawili tu." Kutoka hapo mke wa fundi akaenda kwa kinyozi.

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa. Mwalimu yupo benchini kwake. Fundi alikaa kiti cha pembeni, mtoto mapajani, mkewe amesimama nyuma yake, anatazama midomo ya watu. Kinyozi akakung'uta shuka.

"Leo bingwa atuoneshe," akasema. "Zetu zote ziko hapa. Tuone kama utazitambua zako."

"Niletee, mdogo wangu," akajibu Bwana Besi. "Wewe nichanganyie tu."

Akafunikwa. Mkono wa kinyozi ukaingia chini ya shuka, ukamvua zile nyeusi, ukangoja kidogo, ukamvisha zile zile tena. Kisha kinyozi akasogea kwenye mashine akabonyeza, tak! kwa nguvu. Ila waya hakuuchomeka. Aliuinua juu watu wote wauone.

"Hizi ni zangu!" ikasema shuka. "Hiyo besi! Sikilizeni inavyoshuka!"

Mguu wake ukaanza kupiga mdundo sakafuni. Watu wakaziba midomo, mabega yanatikisika. Bingwa kumbe mwongo! Hata mke wa fundi alitaka kucheka.

Wakati huo mtoto akashika shingo ya baba yake. Akajivuta. Akabandika mdomo kwenye sikio lake, akasema kitu, kidogo, pumzi tupu. Hakuna aliyekisikia. Midomo tu ndiyo ilionekana.

Mguu chini ya shuka ukasimama.

"Baba," akasema Bwana Besi.

Kicheko kikakatika.

Mtoto akabandika mdomo tena.

"Baba, baba," ikasema shuka, taratibu, kwa ile pumzi ya mtoto. Kisha kwa sauti yake nzito: "Rudia, mwanangu. Rudia tena."

Kinyozi akaivuta shuka. Yule bwana amefumba macho, viganja amebana hedifoni pande zote mbili, machozi yanamtiririka kwa raha. Kinyozi akazing'oa, na kofia ikafuata.

Masikio yalikuwepo. Matundu hayakuwepo. Ngozi ilikuwa laini pale katikati, imefunga, kama kiganja cha mkono. Hakukuwa na kovu.

Bwana Besi akafumbua macho. Akaona watu wamemzunguka, vinywa vyao vinafunguka na kufumba. Hakusikia hata kimoja. Akanyoosha mikono. "Nipeni," akasema. "Nipeni masikio yangu."

"Yako?" mke wa fundi akasema.

Na mkononi mwa kinyozi, waya ukining'inia hewani, zile hedifoni zikasema kwa sauti ya mtoto: "Baba."

Kinyozi akapiga ukelele akazitupa chini. Mke wa fundi akaruka mbele, "Usi..." lakini hofu ina miguu yake. Kiatu kilishashuka. Kikashuka tena. Plastiki ikapasuka, sponji ikatoka. Katikati ya vipande kitu kikaendelea kugonga kama saa ndogo. Kikachechemea. Kikanyamaza.

Vijana wakamkamata Bwana Besi mikono, naye hakupigana. Alikuwa anatazama vile vipande tu. Benchini, Mwalimu naye anavitazama. Na mtoto, shingoni mwa baba yake, midomo ikaenda tena, ile ile, mara mbili.

Fundi akawatazama watu mmoja mmoja.

"Amesema nini?" akauliza kwa sauti ya juu mno. "Mke wangu, mtoto amesema nini?"

Mkewe akafungua mdomo amjibu. Kisha akakumbuka kwamba mumewe hasikii.