Nyota ya Mzee Wathome

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Mitaboni Ndinda alipofika kwa marehemu Wathome kuchukua darubini. Mzee aliiachia shule, na Ndinda, mwalimu wa sayansi, alitaka wanafunzi waione ile nyota ambayo marehemu aliifuatilia tangu 1989 hadi mwaka huo, 1998.

Mjane wake, Kamanthe, alimpokea uani bila kumpa mkono.

"Chukua tu, mwalimu. Lakini usitazamie hapa."

"Kidogo tu, mwaitu, mama yangu. Nijue kama iko sawa."

Darubini ilikuwa imesimamishwa uani, na daftari la mzee kando yake. Nyota ya rangi ya chungwa, aliandika, kubwa kuliko jua letu lakini joto lake ni kidogo. Mwanga wake husafiri miaka mia tatu kutufikia. Kisha, kila jioni, neno moja. Imefifia. Imeng'aa. Imefifia. Ukurasa wa mwisho: Haimetameti tena. Inapepesa.

Mashariki, nyota ilikuwa imechomoza. Ndinda akainama, akabandika jicho.

Harufu ilitangulia. Nyama iliyovunda...

Akadhani ni panya aliyefia chini ya ghala. Akazungusha lenzi. Doa la rangi ya chungwa likakua, likalainika, likawa na utelezi kama kiini cha yai viza. Mishipa myembamba ilikatiza juu yake.

Likapepesa.

Ndinda akavuta kichwa. Hakikutoka. Kope zilikuwa zimenata kwenye kioo. Alipojinyakua kwa nguvu, kitu cha uvuguvugu kilimtiririka shavuni, kikamwingia mdomoni. Kizito. Cha chumvi. Alitapika palepale, juu ya viatu vyake.

Kamanthe hakushangaa. Alimletea maji kwa jagi.

"Tulipomwosha mzee," alinong'ona, "jicho lake la kulia lilikataa kufungika. Siku ya nne baada ya kufa, na bado lilikuwa linatoa huo uchafu."

"Ni nini, mwaitu?"

"Sijui. Yeye alisema tu kinatuona vile sisi tunakiona."

Ndinda aliiacha darubini pale. Shuleni alisema imevunjika. Daktari mjini Machakos alimulika jicho, akasema ni zima kabisa. Lakini kila asubuhi mto wa kitanda ulikuwa umelowa usaha wa rangi ya chungwa, na hakuna sabuni iliyoondoa uvundo wake.

Juma la tatu, mumewe Titus alihamishia blanketi lake sebuleni. Usiku huo Ndinda alibaki chumbani peke yake. Alisikia tu komeo la mlango wa chumba likisukumwa polepole...

Kutoka nje.