Kofia Iliyoacha Kuinuka

Uwanja wa besiboli wa Kobe ulikuwa umefurika. Chigusa alipanda ngazi mbio mbio, pipa la bia ya kuuza mgongoni, ua la njano kofiani, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Kwenye kona akamvaa kijana mrefu mwenye jezi nyeupe ya timu ya Korongo. Glasi nzima ya bia aliyoshika ikammwagikia kijana kifuani.

"Jamani! Nisamehe, kaka!"

"Usijali. Sasa nanukia kama shabiki."

"Kwani wewe nani?"

"Nagase Kyohei. Mrushaji mpya wa mpira wa Korongo."

"Mrushaji gani anashindwa kukwepa glasi?"

Kyohei akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Tangu hapo, kila mechi ilipoisha na wachezaji kujipanga kuwainamia mashabiki, yeye alivua kofia na kuiinua juu kuelekea jukwaa la Chigusa.

"Mke wa mrushaji, umesalimiwa!" wauza bia wenzake walimtania.

Mwezi wa Juni, wakiwa tayari wapenzi, Kyohei akapata ushindi wake wa kwanza. Mpira wa mechi hiyo akaupeleka kwa mama yake, kama desturi ilivyo. "Wa pili ni wako, mpenzi," alimwambia Chigusa kwenye simu.

Agosti, kofia ikaacha kuinuka. Mechi moja, mbili, tatu. Kyohei aliinama tu, akaondoka.

"Unanionea haya?" Chigusa akampigia. "Umegundua leo kwamba mimi ni muuza bia?"

"Siyo hivyo."

"Ila?"

Mrushaji hasemi kwamba bega linauma. Akisema, kesho yake yuko timu ya pili, ya akiba. Na Kyohei alikuwa bado anautafuta ule mpira wa ushindi wa pili.

"Nipe muda kidogo," akasema.

"Chukua wote." Akakata simu.

Oktoba, mechi ya mwisho nyumbani, mtu mwenye koti la kijivu aliinua kidole jukwaani. Chigusa akapiga goti, akajaza glasi, akatazama juu. Kyohei! Alinyoosha mkono wa kushoto kuipokea.

"Mbona wa kushoto?"

"Wa kulia unaishia hapa." Akauinua, ukakwama kifuani. "Asubuhi wameniita ofisini. Wameniacha."

Chigusa akaikumbuka kofia.

"Tangu Agosti?"

"Tangu Julai."

"Mjinga wewe! Mimi ni kocha wako? Ungeniambia mimi!"

"Nilitaka nikuletee mpira kwanza." Akatoa mfukoni mpira wenye doa la udongo, tarehe ya Juni imeandikwa kwa wino. "Mama kaurudisha. Kasema nisisubiri wa pili. Chigusa, sina timu, sina bega. Tuoane?"

"Kunywa kwanza," akajibu huku akilia. "Hii haijamwagika."

Siku hizi mpira ule una alama za meno ya binti yao, na doa la bia halijatoka kwenye jezi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kusambaza vifurushi, Kyohei husimama mlangoni, huvua kofia kwa mkono wa kushoto, na kuiinua juu kabisa.