Upatu Alioupiga Spès

Spès alikuwa amekaa pekupeku nyuma ya upatu mkubwa wa shaba, simu ilipotetemeka mapajani. Meseji ya Anatole, mchumba wake.

"Tante Jeannine ameniambia kila kitu. Kwetu Burundi mwanamke hapigi ngoma. Chagua, hicho kitu au harusi."

Tante Jeannine alikuwa shangazi yake Anatole, na harusi ilikuwa imebaki siku tisa.

Ukumbi ule wa Midrand, nje ya Johannesburg, alikuwa ameujia kwa kazi tu, mwaka huo wa 2012, kushona mito ya kukalia ya wapigaji wa muziki wa Kijava, wa Indonesia. Mama Sulastri, mwalimu wao, alimwona ameweka kiganja juu ya upatu kama anayempima mtoto homa. Akampa rungu lililofungwa kitambaa, na tangu siku hiyo Spès alitoka mtaani kwake Bellevue kila Jumamosi kuja kupiga.

Alimpigia Anatole.

— Hii si ngoma. Ni shaba.

— Unaipiga?

— Naipiga.

— Basi ni ngoma. Nakuja kukuchukua.

Anatole alikuwa mlinzi wa bohari hapohapo Midrand. Haikupita nusu saa akaingia na buti zake za kazi. Mama Sulastri alimwonyesha viatu vilivyopangwa mlangoni, Anatole hakutazama. Alikata katikati ya vyombo na kuuruka upatu mdogo uliolazwa chini juu ya kamba zake.

Muziki ulikatika wote mara moja.

Mama Sulastri alieleza kwa Kiingereza cha upole kwamba chombo hakirukwi, kwa kuwa kina roho. Anatole alielewa vizuri tu, lakini Spès alimtafsiria. Alitaka neno hilo litoke kinywani mwake mwenyewe.

— Umemruka mtu, Anatole.

Anatole aliangalia buti zake. Huko Gitega alilelewa kwenye ngoma, yeye na Fiacre, kaka yake Spès. Fundi wao wa ngoma aliwahi kumfukuza kijana kwa kukalia ngoma tu.

— Eish. Mimi wangenifukuza na ukoo wangu.

— Hapa hawafukuzi. Vua, uombe radhi.

Alivua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole kikachungulia, binti mmoja akacheka. Anatole naye akatabasamu kwa aibu. Alipiga magoti, akagusa ile shaba na kuiomba radhi kwa Kirundi. Kisha akaja kukaa kando ya Spès.

— Kwa nini lakini? Ulijua nitaumia.

— Fiacre tulimzika kimya.

Anatole aliinamisha kichwa. Fiacre aliuawa Mei 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa Jeppestown. Wapigangoma wenzake walikuwa wametawanyika, na kaburini walisimama watu watano. Tangu hapo Anatole hakushika fimbo za ngoma, wala jina la rafiki yake hakulitaja.

— Nilikungoja wewe umpigie, Spès alisema. Miaka minne. Ngoma yenu siigusi, mwiko naujua. Hapa nimepata kitu kisichonikataza.

— Ungeniambia.

— Ningepitia wapi? Jina lake ulilifungia.

Mama Sulastri aliuliza kwa macho kama wanaondoka.

— Mpigie, Anatole alimwambia Spès. Niko hapa.

Vyombo vidogo vilianza, vikazunguka taratibu. Spès aliugusa upatu kidogo, bila sauti, kama alivyofundishwa, auamshe kwanza. Zamu yake ilipofika akapiga mara moja. Sauti ilipita sakafuni ikaingia magotini mwa Anatole.

— Fiacre, alisema. Kisha akalia, na Spès akamwacha alie.

Siku ya tisa walifunga ndoa Bellevue. Kabla ya chakula Anatole alivua koti, akaazima fimbo, akampigia Fiacre ngoma mpaka Tante Jeannine naye akaanza kupiga makofi. Alirudi kwa mkewe akitweta.

— Nimechelewa, alisema.

— Umefika, Spès alimjibu, akamfuta jasho.