Nakala ya Asubuhi

Foleni ya vitambulisho pale mapokezi ilifika hadi mlangoni, na kila mtu alikuwa anachelewa kazini. Kijana mmoja mrefu aligeuka kumuuliza saa binti wa gauni la kijani aliyesimama nyuma yake. Saa hakutajiwa.

"Kaka, vifungo umefunga kombo. Upande mmoja uko juu, mwingine chini."

Akajitazama, akacheka. "Nimevaa gizani, dada. Sina wa kuniangalia."

"Hilo sikuuliza."

Kumbe walikuwa wanakwenda ofisi moja. Kijana alikuwa mwandishi wa programu, ndiyo kwanza ameajiriwa. Binti alikuwa mtunza kanzidata wa kampuni iliyoendesha mfumo wa hospitali: miadi, vipimo, namba za simu za wagonjwa. Kanzidata, yaani hazina za taarifa hizo, zilikuwa mbili. Halisi ilitumiwa na hospitali. Ya majaribio waandishi wa programu waliichezea watakavyo bila kumdhuru mtu. Kila asubuhi binti alinakili ile halisi kwenye ya majaribio ili zilingane, kisha akabadilisha namba zote za simu kuwa za uongo ndipo awafungulie wenzake. Hatua hiyo ilichosha, lakini hakuiruka hata siku moja. Ofisi nzima ilimwita Mama Nakala.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda hata mfagizi alijua.

"Mama Nakala wangu, umekula?"

"Nimekula. Na mbona unanipigia simu? Si nakuona hapo ulipo!"

"Kuona hakushibishi, mpenzi."

Binti alimpenda, tusifiche. Alimpenda hata akampa nenosiri lake, asubuhi aliyompeleka mama yake kupima damu hospitali hiyohiyo na kazi ya kijana ilikuwa imekwama.

"Ukishanakili, badilisha namba kwanza. Tafadhali."

"Nitasahauje, na mwalimu ni wewe?"

Siku hiyo hakusahau. Binti akaona nenosiri halina haja ya kubadilishwa. Ukimpa mtu moyo, utamnyima ufunguo?

Wiki iliyofuata, asubuhi alipokuwa kwenye foleni ya benki kabla ya kwenda kazini, simu ikalia. Alikuwa mama yake, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Mwanangu, hospitali wameniandikia. Wanasema majibu si mazuri, nifike leo na ndugu wa karibu. Nimemwita mjomba wako. Nguo zangu nimeshazikunja."

Akatoka kwenye foleni. Akamwomba amsomee ule ujumbe neno kwa neno, na kabla haujaisha akautambua. Yalikuwa maneno ya ujumbe ambao kijana wake alikuwa anajaribu kuutuma kwa kanzidata ya majaribio, na jana tu walikuwa wakibishana kwamba ni makali mno kwa mgonjwa.

"Mama, sikiliza. Huumwi. Ni kosa la mashine. Nisubiri."

Ujumbe huo ulikuwa umewafikia wagonjwa wote. Ofisini simu zililia bila kupokewa, na bosi, mama wa makamo asiyepandisha sauti, aliwaita wawili wale chumbani kwake.

"Nakala ya leo ina namba halisi za watu," akasema. "Imefanywa kwa jina lako, binti yangu. Eleza."

Binti alimgeukia mpenzi wake, akamngoja. Aliamini kabisa kwamba angesema. Kijana alikuwa anafuta kioo cha simu yake kwa shati.

"Mimi nilikuta nakala iko tayari, bosi," akasema. "Nilijua namba zimeshabadilishwa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Binti alitaka kulia, machozi yakakataa. Akaambiwa arudi nyumbani, asubiri barua.

Jioni alikuwa kitandani kwa mama yake, wamekaa bega kwa bega, mama bado hajazikunjua zile nguo. Simu ikaita.

"Mpenzi, usinichukie. Nilikuwa na haraka, ile hatua ya namba nikairuka. Mimi mgeni, wangenifukuza papo hapo. Wewe wanakupenda, watakusamehe."

"Kwa hiyo uliniuza kwa sababu nina bei."

"Usiseme hivyo, roho yangu. Nataka kukuoa. Jumapili nije kwenu nimwone mama?"

Maneno hayo alikuwa ameyangoja kwa miezi. Yakamchoma.

"Jumapili mbali," akasema. "Mama yuko hapa. Leo amemuaga kaka yake, akamwonyesha nguo za kuzikiwa. Mwambie ujumbe ule umeutuma wewe. Ukimaliza, omba uchumba."

"Sasa hivi? Mpenzi, ngoja kwanza..."

Akampa mama simu.

"Haloo?" mama akasema. "Haloo, mwanangu?" Akaiweka vizuri sikioni, akasubiri kwa adabu, kisha akamtazama bintiye. "Namsikia anapumua. Mbona hasemi?"

"Kata tu, mama," binti akasema, na sasa machozi yakakubali. "Kesho nitamwambia bosi nenosiri nilimpa nani."