Abiria wa Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipofika kwenye uwanja wa magari mabovu kuchukua kiti. Hakwenda kwa furaha wala kwa huzuni. Tangu amzike mume wake, mambo yote aliyafanya hivyo hivyo, kama mtu anayekunja pindo huku mawazo yake yako mbali.

Gari alilokuja nalo lilikuwa la marehemu. Lilinunuliwa likiwa limeshachoka, na sasa lilikuwa linajikokota tu. Mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba, na redieta ilikunywa maji kuliko watu wa nyumbani. Shemeji zake walimshauri aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikataa. Mama mkwe wake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, alilijua gari lile kwa mngurumo wake. Kila lilipoingia uani jioni, aliita kutoka ndani, akimuulizia mwanawe:

"Umekuja naye?"

"Kesho, mama."

Jibu hilo lilitosha. Bibi alikula, akalala.

Sasa kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimevunjika reli, nacho ndicho alichokalia bibi akipelekwa hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Kesho ilikuwa siku yake. Kiti kipya hakikushikika kwa bei, lakini fundi wa uwanjani, ambaye wote walimwita Spana, alikuwa amepata kingine kwenye gari lililopata ajali mbaya siku ya mvua.

Spana alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kabla ya kufungua nati yoyote kwenye gari la ajali, hupiga paa kofi, hufungua mlango na kusema, "Umefika. Shuka." Kisha huvuta sigara hadi iishe, ndipo ashike zana.

Jioni ile alikuwa ndio kwanza anatafuta kiberiti.

"Kaka, giza linaingia, na taa zangu ni kama vipofu wawili," mshonaji alisema. "Nimemwacha mama peke yake."

"Sigara moja tu, dada. Wengine huwa wazito kushuka."

"Gari tupu hili. Unamsubiri nani?"

Spana akacheka. "Haya, bosi. Ukigombana na abiria wako, usinitafute."

Akairudisha sigara mfukoni. Hakupiga paa. Hakusema neno. Kiti kikatoka kule, kikafungwa huku, mshonaji akaondoka.

Alikuwa amefika barabara ya vumbi, penye nyumba chache, aliposikia...

Tii. Tii. Tii.

Kwenye dashibodi taa nyekundu iliwaka. Gari lilikuwa linamwambia kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Hakukuwa na abiria.

"Waya tu hizo," alijiambia. Akanyoosha mkono, akapapasa kiti. Kilikuwa cha baridi. Harufu ya nguo zilizolowa mvua ilijaa ndani, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi.

Tii. Tii. Tii.

Mwingine angeruka nje na kuliacha gari likinguruma. Yeye alisogea kando ya barabara, akauvuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu kama anavyomfungia mama mkwe.

Kimya.

Akaendelea kuendesha. Alipopita chini ya taa ya duka, akatupa jicho pembeni.

Mkanda haukuwa umelalia kiti. Ulikuwa umetuna mbele, umekaza. Ulipanda... ukashuka... ukapanda tena.

Jicho la mshonaji halihitaji tepu. Lilipima lenyewe. Kifua cha mwanamume. Kipana kuliko cha mume wake.

Alijua kwamba alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga moyoni kama anavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Hakuuona. Alichoona ni jambo moja tu: kesho mama mkwe wake atakaa pale. Atakaa mapajani mwa huyo.

Hilo hakulikubali.

Alipoingia uani alizima injini, akazunguka, akapiga paa kofi kama afanyavyo Spana. Akafungua mlango.

"Umefika," alinong'ona. "Shuka."

Akasubiri muda wa sigara moja.

Ka! Kifungo cha mkanda kikafyatuka chenyewe. Sponji ya kiti ikainuka taratibu, kama inavyoinuka mtu mzito anaposimama. Ubaridi ukapita karibu na shavu lake. Kiti kikabaki kiti.

Alimpigia fundi simu palepale. "Kaka, kumbe ulikuwa na sababu. Ila nimeshamshusha."

"Umemshusha wapi?"

"Hapa. Uani kwangu."

Upande wa pili kiberiti kikawashwa.

"Kaka?"

"Dada... mimi huwaambia wamefika wakiwa huku, kwenye gari lao, ndiko safari yao ilikoishia. Wewe umemwambia kwamba alikokuwa anakwenda ni kwako."

Hapo ndipo alipotambua kitu kilichokosekana. Gari lilikuwa limeingia, limenguruma, limezimwa.

Na hakuna aliyeita, "Umekuja naye?"

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Aliingia. Harufu ya nguo mbichi ilikuwa imetangulia. Sebuleni bibi alikuwa ameketi wima, macho yanang'aa, akicheka kicheko ambacho kilikuwa hakijasikika tangu msiba. Alikuwa amekielekea kiti cha marehemu, ambacho hakuna aliyekikalia tena.

Mto wake ulikuwa umebonyea.

"Ulinidanganya!" bibi alimwambia kwa furaha. "Kesho, kesho, kumbe ni leo! Hebu mletee mumeo chakula, katoka mbali."

"Mama... njoo huku kwangu. Taratibu."

"Niende wapi na mwanangu yuko hapa?" Bibi akainama mbele, akapapasa hewa penye kifua cha mtu. "Amenenepa kidogo tu."

Kiti kikatoa mlio.

Mshonaji akaenda jikoni, maana hakujua kufanya lingine. Akachukua sahani ya bibi. Akachukua yake. Akasimama. Kisha akanyoosha mkono kuchukua ya tatu, na sahani zikaanza kugongana.

Akautazama mkono wake kwa mshangao.

Ulikuwa unatetemeka.